Jasho sio mafuta yanayeyuka

Ile meseji ya kujifunga nailoni tumboni imerudi tena kwa grupu ya chama, ati ukimbie nayo msitu wa Karura hadi sweta ilowe na kitambi kitaisha wiki mbili. Jamani, jasho ni maji na chumvi kidogo, kazi yake ni kupoza mwili. Mafuta huchomwa pole pole ukitumia nguvu nyingi kuliko unayopata kwa chakula, na mengi hutoka kwa pumzi, sio kwa ngozi.

Kinachochanganya watu ni mizani. Unajipima ukirudi, kilo moja imeenda, unafurahi (nani hangefurahi?). Sasa kunywa lita moja ya maji upande mizani tena: kilo imerudi, juu lita ya maji ni kilo moja. Jaribu kwako nyumbani, hulipi kitu.

Halafu nailoni inazuia joto kutoka, unaweza kuzimia, hasa kama una uzito mwingi ama presha. Kwa hivyo hiyo meseji ikikufikia tafadhali usiiforwadi, hata kama ni shangazi ametuma, mwambie tu polepole kando. Kupungua kwenye kunadumu huchukua miezi, nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri sana.