Kwa nini mwili huzifukuza seli shina za mtu mwingine

Mama mmoja aliyemaliza kuchangia damu hapa Tabora aliniuliza, pamba bado ameibana kwenye mkono: "Daktari, damu yangu mnampa mtu yeyote wa kundi langu. Kaka yangu moyo umepanuka. Si nimpe na seli shina?"

Damu ina nafuu. Tunalinganisha makundi, kisha tunachanganya sampuli mbili maabara. Zikishikana vidongevidonge, chupa hairuhusiwi kutoka. Seli shina, yaani seli changa inayoweza kuzaa seli za aina nyingine, ina kiini, na seli zenye kiini karibu zote hubeba alama ziitwazo HLA, nusu umerithi kwa baba, nusu kwa mama. Hata ndugu wa tumbo moja, uwezekano wa kufanana kabisa ni mmoja kati ya minne.

Wafugaji wa nyuki wa Sikonge watanielewa haraka. Mlangoni mwa mzinga kuna nyuki walinzi; anayetua ananuswa, na mwenye harufu ya mzinga mwingine anatimuliwa. Chembe nyeupe aina ya T ndio walinzi wetu, na wanachonusa ni HLA.

Msuli wa moyo uliokufa kwa mshtuko hugeuka kovu, na moyo wa mtu mzima hujirudishia chini ya asilimia 1 ya seli zake za msuli kwa mwaka. Ndiyo maana watafiti walikimbilia seli za mesenkima, aina ya seli shina za kwenye uloto. Alama zake ni chache, wakaamini zitapita kimyakimya. Wapi! Baadhi ya wagonjwa walitengeneza kingamwili dhidi yake, na seli nyingi hutoweka ndani ya siku au wiki chache.

Njia nyingine ni moshi, yaani dawa za kutuliza kinga. Mwaka 2016 watafiti wa Japani waliwapandikiza nyani seli za moyo zilizolingana alama, wakaongeza dawa hizo. Seli zilidumu wiki 12, ingawa mapigo yalivurugika kwa muda. Ila nyuki waliolewa moshi hawamzuii nyegere. Louis Washkansky, aliyepandikizwa moyo Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, aliishi siku 18. Nimonia ndiyo iliyomuua, kinga ikiwa imelazwa na dawa.

Kilichonishangaza mimi ni utafiti wa 2020 kwa panya: hata seli zilizokwisha kufa, zikidungwa moyoni, ziliusaidia. Chembe za kinga zilizokuja kuzisafisha ndizo zilizoimarisha kovu. Huenda muda wote tulikuwa tunamsifu mgeni kwa kazi ya walinzi.

Kwa hiyo nilimwambia mama yule kwamba kaka yake asiache dawa zake wala kliniki, kwani tiba hii bado iko kwenye majaribio.

"Na vile vidonge vya seli shina wanavyouza mtaani?"

Seli hai haikai kwenye kidonge kikavu, nikamjibu. Na hata ingekaa, tumbo lingeisaga kama maharage. Akacheka, akaomba soda yake.