Kusogeza kiifremu kwa skripti kwenye After Effects: soma, futa, andika upya

Chukua video ya mahafali ya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) yenye vibao 40 vya majina. Kila kibao kina kiifremu (keyframe, alama inayoshika thamani kwa wakati fulani) nne za Position, yaani mahali kilipo: kinaingia, kinatulia, kinaanza kutoka, kimetoka. Mteja anasema vinaingia kwa pupa, kwa hiyo fremu 8 za kuingia ziwe 14. Hapo unatakiwa kushika kiifremu ya pili tu katika kila leya (layer, tabaka moja la picha au sauti) na kuisogeza mbele fremu 6, mara 40. Kazi ya namna hii ni ya skripti.

Tatizo ni kwamba ExtendScript, lugha ya skripti ya After Effects, haina amri ya kusogeza kiifremu. Unasoma kila kitu kuihusu, unaifuta, kisha unaiandika upya mahali papya. Usichokisoma kabla ya kufuta kimepotea, na makosa mengi huanzia hapo.

Mambo ya kusoma ni haya: muda kwa keyTime, thamani kwa keyValue, aina ya mwendo kwa keyInInterpolationType na keyOutInterpolationType, ulaini kwa keyInTemporalEase na keyOutTemporalEase. Position ina njia angani, kwa hiyo ongeza keyInSpatialTangent na keyOutSpatialTangent, yaani tanjenti: mikono inayopinda njia hiyo. Watu wengi hulisahau hili la mwisho. Kiifremu ya pili na ya tatu zina thamani ileile, maana kibao kimesimama. Ukiandika ya pili bila kurudisha tanjenti zake, programu inaweza kukunja njia yenyewe, na kibao kinachotakiwa kutulia kinateleza kidogo kisha kinarudi. Ukiona kibao "kinapumua", chunguza tanjenti kwanza.

Kiini chake, p ikiwa ndiyo Position ya leya na k kompozisheni (composition, fremu na muda vinavyobeba leya zote):

var t = p.keyTime(2) + 6 * k.frameDuration;
var v = p.keyValue(2);
var ei = p.keyInTemporalEase(2), eo = p.keyOutTemporalEase(2);
var ai = p.keyInInterpolationType(2), ao = p.keyOutInterpolationType(2);
var ti = p.keyInSpatialTangent(2), to = p.keyOutSpatialTangent(2);
p.removeKey(2);
p.setValueAtTime(t, v);
var n = p.nearestKeyIndex(t);
p.setSpatialTangentsAtKey(n, ti, to);
p.setTemporalEaseAtKey(n, ei, eo);
p.setInterpolationTypeAtKey(n, ai, ao);

Mstari wa mwisho usiupandishe juu. Kuweka ulaini huigeuza kiifremu kuwa Bezier (mwendo laini), hivyo iliyokuwa Hold (kusimama hadi kiifremu inayofuata) au Linear (mwendo sawa) itabadilika usipoirudishia aina yake baadaye.

Kabla ya removeKey, linganisha t na p.keyTime(3). Kibao kifupi kinaweza kuwa na fremu 5 tu za kutulia. Ukisogeza 6 unaivuka kiifremu ya tatu. Ukiangukia juu yake kabisa, setValueAtTime haitalalamika: itaandika thamani mpya juu ya ile iliyokuwepo, na kiifremu nne zitabaki tatu. Leya kama hiyo iruke, na uandike jina lake pembeni uishughulikie kwa mkono.

Kiifremu zinahesabiwa kuanzia 1, si 0. Ukifuta ya 2, ya 3 inakuwa ya 2. Kwa hiyo ukisogeza kadhaa za leya moja, zisome zote, zifute kuanzia ya mwisho kurudi nyuma, andika thamani zote, ndipo upite mara ya pili kuweka ulaini.

Usiandike 0.04 ndani ya skripti. Ni sahihi kwa fremu 25 kwa sekunde, lakini siku ukipewa kompozisheni ya 30 iliyotokana na video za simu, kiifremu zitaangukia katikati ya fremu. Tumia frameDuration.

Scale ni mkorofi: hata kwenye leya ya 2D inadai orodha ya KeyframeEase (vipimo vya ulaini) tatu, wakati Position inadai moja. Usikariri, tumia orodha uliyoisoma kama ilivyo. Ukitengeneza yako, influence iwe kati ya 0.1 na 100, maana sifuri inakataliwa. Na kama Position imetenganishwa kuwa X na Y, kamata hizo mbili, si mama yao.

Funga yote ndani ya app.beginUndoGroup na app.endUndoGroup ili Ctrl+Z moja irudishe vibao vyote 40. Hiyo ya pili iweke kwenye finally (sehemu ya try inayotekelezwa daima), ifike hata skripti ikikwama katikati. Lugha yenyewe ni JavaScript ya zamani: hakuna let, hakuna forEach.

Mbinu hii inafaa pia kwa ngoma. Muheme wa Wagogo hauendi kwa vipimo sawa kama biti ya kompyuta, kwa hiyo kugawa sekunde kwa hesabu hakusaidii. Chagua leya ya sauti, icheze, gonga nyota ya kibodi ya namba kila pigo. Alama zinazobaki ni property kama nyingine: leya.property("Marker").keyTime(i) inakupa muda wa pigo, na huo ndio unaouweka mahali pa t.