Kitabu Kikishavuka Lango la Gereza

Wanaotuletea vitabu vya kuwapelekea wafungwa huuliza kwanza kama sheria inaruhusu. Inaruhusu, tena inahimiza. Kanuni za Nelson Mandela, ambazo ni viwango vya chini vya Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa vilivyofanyiwa marekebisho mwaka 2015, zinataka kila gereza liwe na maktaba ya wafungwa wa aina zote, yenye vitabu vya kutosha vya elimu na vya burudani. Mahabusu naye anaruhusiwa kujinunulia vitabu na magazeti, au kununuliwa na mtu mwingine, mradi visihatarishe usalama wala mwenendo wa kesi.

Kazi kubwa huanza kitabu kikishavuka lango. Chumba chenye rafu zilizojaa hakisaidii kitu kama hufunguliwa saa ambazo wafungwa wako kazini au wamefungiwa selo. Hapo toroli la vitabu linalopita mlango kwa mlango lina faida kuliko jengo zuri. Na kuna jambo linalosahaulika mno: miwani ya kusomea. Mtu wa miaka hamsini asiye na miwani, umpe kitabu kizuri namna gani, hataendelea zaidi ya ukurasa wa kwanza.

Katika kuchagua, tafadhali msituletee masalia ya kabati. Kitabu cha sheria kilichopitwa na wakati kinaweza kumpotosha mtu anayejiandikia rufaa. Kinachohitajika ni kamusi, sheria zinazotumika sasa, riwaya, na vitabu vya maandishi makubwa kwa watu wazima wanaojifunza kusoma. Hao wasipewe hadithi za watoto, inawavunjia heshima. Chagueni jalada laini, kwa kuwa ndani ya jalada gumu huweza kufichwa vitu, na epukeni daftari zenye waya.

Uingereza iliwahi kuzuia vifurushi vya vitabu kutoka kwa ndugu, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2014 kwamba zuio hilo halikuwa halali. Brazil imekwenda mbali zaidi: mfungwa akisoma kitabu na kukiandikia maelezo yakakubaliwa, hupunguziwa siku nne za kifungo, kwa vitabu visivyozidi 12 kwa mwaka. Kwa maoni yangu, kulazimika kuandika ndiko kunakoupa mpango huo uzito.

Kabla ya kufunga boksi, ongeeni na mkuu wa gereza au afisa wa elimu. Mwulizeni wafungwa wanasoma lugha zipi, nani anakagua vitabu, na ukaguzi huo huchukua muda gani.