Pentatoniki ni nini, na visanduku vitano vya gitaa vinaunganaje

Aliyepita kwenye kwaya, hata kwa mwaka mmoja, ana nusu ya somo hili mdomoni tayari. Imba do re mi fa so la ti do. Sasa rudia ukiruka fa na ti: do re mi so la do. Hiyo ndiyo skeli ya pentatoniki. Neno lenyewe lina asili ya Kigiriki, penta ni tano, na maana yake haiendi mbali zaidi ya hapo: ngazi yenye sauti tano kabla hujarudi kwenye ile ya kwanza, ikiwa juu kwa oktava.

Kwa nini zitolewe fa na ti, zisitolewe nyingine? Kisa ni ujirani. Kwenye ngazi ya sauti saba, mi na fa zimetenganishwa na nusu toni tu, hatua ndogo kuliko zote, na ti na do vivyo hivyo. Kwingine kote kuna toni nzima. Sauti mbili zilizobanana kiasi hicho huvutana, na sikio hungoja moja impishe mwenzake. Tena fa na ti zenyewe kwa zenyewe zimeachana toni tatu kamili, umbali ambao ukipigwa kwa pamoja unaleta wasiwasi hadi utulizwe. Toa zote mbili, msuguano umekwisha. Ndiyo maana mtu mwenye wiki tatu tu za gitaa anaweza kupiga solo juu ya kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinazokubaliana na skeli hii, kidole kikatua popote ndani ya zile tano, na asikunjiwe uso na mtu. Muziki mzuri bado unadai uchague wapi utue na wapi unyamaze, lakini hofu ya kuharibu imeondoka, na kwa anayeanza hofu hiyo ndiyo inayokaza vidole.

Jambo linalowachanganya wengi ni majina mawili, pentatoniki meja na pentatoniki maina. Wapiga gitaa huziita sauti kwa herufi. Tukianzia C, do re mi so la inakuwa C D E G A, nayo ni C meja. Chukua sauti hizohizo, anza kuzihesabu kutoka la: A C D E G. Hiyo ni A maina. Hakuna sauti iliyoongezwa wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni nyumbani, yaani ile sauti ambayo wimbo ukiifikia unatua. Mwombe mwenzako ashike kodi ya C nawe upige hizo tano, utasikia uchangamfu. Kisha ashike kodi ya A maina, vidole vyako visibadili chochote, utasikia simanzi. Jaribio hili lifanye kwa masikio yako mwenyewe, maana ukilisoma tu halitakukaa.

Hapa Bagamoyo sauti tano hazikuja na gitaa. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi na kufundisha mjini hapa hadi alipofariki mwaka 2003, aliimba na kupiga zeze na ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, kwa ngazi ya Wagogo, ambayo nayo ina sauti tano. Ukipita karibu na TaSUBa, taasisi iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, utakuta marimba na ngoma zikifundishwa hatua chache kutoka yanapofundishwa magitaa. Lakini ngazi ya Wagogo na pentatoniki ya gitaa si mapacha. Ya Wagogo inatokana na sauti ambazo uzi huzizaa wenyewe juu ya sauti yake nene, na moja ya hizo tano inaangukia kati ya freti mbili. Gitaa haliwezi kuipata kwa kubonyeza tu. Itabidi uuvute uzi pembeni kwa kidole mpaka sauti ipande kidogo. Nalisema hili kwa sababu nimewasikia vijana wakiambiwa kwamba ni kitu kilekile, halafu wanashangaa mbona gitaa lao halikai sawa na ilimba.

Sasa tuje shingoni. Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa, na kila kimoja kinapandisha sauti kwa nusu toni. Ukiambiwa freti ya 5, kidole kinakaa nyuma kidogo ya chuma cha tano, upande wa kichwa cha gitaa. Ukifika ya 12 uzi umekatwa katikati na sauti ya mwanzo imerudi kwa oktava. Kuanzia hapo kila kitu kinajirudia. Nyuzi tunazihesabu kutoka ule mwembamba kabisa, wa kwanza, hadi mnene, wa sita. Kutoka mnene zimetuniwa E, A, D, G, B, E. Ziangalie vizuri herufi hizo. Zipange upya: E G A B D. Ni pentatoniki ya E maina, kamili, bila kidole hata kimoja kushika kitu. Gitaa lililotuniwa vizuri tayari linaimba skeli hii likiwa limeegemea ukuta.

Mpwa wangu alinijia jioni moja kibarazani, hapa Dunda mjini Bagamoyo, akiwa na gitaa lake na simu yenye picha tano. Kila picha ilikuwa ni shingo ya gitaa yenye nukta nyeusi, kile tunachokiita kisanduku. Alikuwa amekishika kisanduku cha kwanza cha A maina barabara kabisa: uzi wa sita freti ya 5 na 8, wa tano 5 na 7, wa nne 5 na 7, wa tatu 5 na 7, wa pili 5 na 8, wa kwanza 5 na 8. Akapanda na kushuka kwa kasi, bila kukosea. Nikamwambia apige hizo hizo akianzia freti ya 12. Vidole vikasimama.

"Mjomba, kile cha huko bado sijakikariri."

"Hii ya mwisho uliyopiga, inaitwaje?"

Akaangalia simu. Hakujua. Alikuwa anajua mahali pa kuweka vidole, lakini hakujua ni sauti gani inayotoka. Nilimzimia simu, nikamwambia aimbe kila anachobonyeza: la, do, re, mi, so, la. Alipofika uzi wa nne freti ya 7 akacheka, kwa sababu aliisikia la imerudi. Kumbe zile nukta kumi na mbili zilikuwa sauti tano tu zinazopokezana.

Hapo ndipo kosa la kufundisha kwa visanduku lilipo, na mimi nalipigia kelele kila ninapopata nafasi. Mwanafunzi anapewa michoro mitano kana kwamba ni mambo matano. Anakariri wa kwanza kwa mwezi, wa pili kwa mwezi, na kila mchoro unabaki chumba chenye mlango uliofungwa. Wengi hawatoki kwenye kile cha kwanza maisha yao yote. Anza badala yake na njia moja inayopanda kimshazari, ikivuka shingo kutoka uzi mnene hadi mwembamba.

Uzi wa sita: freti ya 3 na 5. Uzi wa tano: 3, 5, 7. Imba unapopiga: so la, do re mi. Ukiwa na gitaa karibu, simama hapa kwanza upige mara kadhaa, kidole cha shahada kikishika ya 3 na cha pete ya 5, kisha kwenye uzi wa tano shahada ya 3, pete ya 5, halafu pete ileile iteleze hadi ya 7. Ule mtelezo ndio unaokubeba kwenda juu. Sasa shahada yako iko sawa na freti ya 5, na umbo linaanza upya: uzi wa nne 5 na 7, uzi wa tatu 5, 7, 9. So la, do re mi. Tena unateleza, lakini safari hii umbo linasogea zaidi kidogo: uzi wa pili 8 na 10, uzi wa kwanza 8, 10, 12. So la, do re mi. Umepita oktava tatu kasoro kidogo, kutoka freti ya 3 hadi ya 12, kwa umbo moja la vidole lililorudiwa mara tatu.

Kwa nini umbo lisogee freti mbili, halafu tatu? Nyuzi nyingi za gitaa zimepishana nusu toni tano. Ukiruka nyuzi mbili umepanda nusu toni kumi. Oktava ni kumi na mbili. Zile mbili zilizopungua unazilipa kwa kusogea freti mbili mbele. Lakini kati ya uzi wa tatu na wa pili, G na B, kuna nusu toni nne tu. Ukivuka hapo umepanda tisa, unadaiwa tatu. Ni kosa la uzi mmoja tu, wa pili, na ukilielewa hutashangaa tena kwa nini kila umbo kwenye gitaa linapinda linapofika pale.

Baada ya njia hiyo, visanduku vinajifungua vyenyewe. Cha pili cha A maina kinaanzia pale cha kwanza kilipoishia: freti za juu za kisanduku cha kwanza, 8, 7, 7, 7, 8, 8, ndizo za chini za cha pili, na juu yake unaongeza 10, 10, 10, 9, 10, 10. Hizo nazo ndizo mwanzo wa cha tatu. Kila kisanduku kinamshika mwenzake mkono, na cha tano kikiisha unakutana na cha kwanza tena freti ya 17. Tafuta la kwenye kila kimoja, ukiiweka alama kwa penseli kwenye karatasi, ujue ni wapi pa kutua. Hilo ni muhimu kuliko kasi.

Kuhamia kii nyingine, yaani kuhamisha nyumbani kwa wimbo, ni kazi ndogo. Kisanduku cha kwanza kina la yake kwenye uzi wa sita, freti ya 5, hivyo ni A. Kisogeze chote hadi freti ya 3, una G maina. Hadi ya 7, una B maina. Mwimbaji akisema wimbo uko juu mno kwake, unamshusha hivyo hivyo.

Kuhusu mazoezi, dakika 15 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi. Rekodi kwenye simu kodi ya A maina kwa hesabu nne, kodi ya G kwa hesabu nne, zizunguke kwa dakika tatu, kisha piga juu yake. Siku ya kwanza tumia uzi mmoja tu. Hili watu hulidharau, lakini uzi mmoja unakulazimisha kwenda kwa urefu, na sikio linasikia umbali kabla vidole havijauzoea.

Na mpwa wangu tulimalizia hivyo jioni ile, jua likiwa limeshazama na watu wakirudi kutoka ufukweni na ndoo za samaki. Uzi wa pili peke yake: freti ya 1, 3, 5, 8, 10, 13. Do re mi so la do. Alipanda polepole akiimba chini chini, akakosea kwenye ya 8, akarudi. Mara ya nne aliacha kuhesabu. Akaanza kutafuta wimbo wa mchezo wa watoto aliokua nao, akaupata nusu, akabonyeza ya 10, akatikisa kichwa, akarudi ya 8, akatabasamu. Simu ilikuwa bado imelala kifudifudi kwenye mkeka.