Je, wajua kwa nini sailensa ileile hunguruma kwenye gari moja na kulia kama nyuki kwenye gari jingine?

Mafundi wa magari wa Lubumbashi, ambao wengi wao wamejifunza kazi kwa Kifaransa, hulitaja lile kopo kubwa la chuma linaloning'inia chini ya sehemu ya nyuma ya gari kwa jina la silencieux, yaani kinyamazishi. Waswahili wa Dar es Salaam na Mombasa, waliolichukua jina lake kutoka Kiingereza, husema sailensa, na maana ni hiyohiyo. Kwa hiyo mtu anapoweka akiba miezi kadhaa ili anunue kinyamazishi kitakachofanya gari lake lisikike zaidi, jambo lenyewe lina kichekesho ndani yake. Hata hivyo haja yake si ya kipuuzi. Anatafuta sauti nene iliyotulia, ila mara nyingi anaishia kupata kelele. Amelisikia gari la silinda nane, yaani lenye injini ya vyumba vinane vya kuchomea mafuta, likipita mtaa wa Kamalondo kwa ngurumo inayofanana na radi ya kwanza ya Novemba, akatafuta sailensa ya aina ileile, akaichomelea chini ya Toyota Vitz yake, na kilichotoka kikawa mlio wa nyuki waliofungiwa ndani ya kopo la nyanya.

Kosa halikuwa la sailensa wala la mchomeleaji. Sailensa haitungi sauti. Kazi yake ni ile ya chujio la chai, ambalo haliwezi kutia kikombeni kitu ambacho hakikuwamo kwenye birika, ila huweza kuzuia baadhi ya vitu na kuachia vingine. Anayekwenda kununua anapaswa kwanza kujua injini yake inatoa sauti zipi, kisha aamue ni zipi kati ya hizo angependa zizuiwe.

Tuanze na birika lenyewe. Katika injini ya mipigo minne kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, na vali ya kutolea moshi inapofunguka, gesi iliyomo bado ina shinikizo kubwa kuliko hewa ya nje, hivyo hutoka kwa kishindo badala ya kutiririka taratibu. Vishindo hivyo vikifuatana upesi, sikio huviunganisha kuwa sauti moja, kama vile mapigo ya mpiga ngoma yanavyogeuka mvumo mikono yake inapokwenda mbio. Injini ya silinda nne hutoa vishindo viwili katika kila mzunguko. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, sawa na mara 50 kwa sekunde, msingi wa sauti yake huwa mitetemo 100 kwa sekunde. Vitz ya lita moja yenye silinda tatu, kwa kasi hiyohiyo ya injini, hutoa mitetemo 75. Injini ya silinda nane hutoa 200, jambo linalowashangaza wengi, maana kwa hesabu hiyo ingepaswa kuwa na sauti nyembamba kuliko zote.

Siri ya silinda nane imo katika mpangilio wa vishindo. Katika injini nyingi za Kimarekani za umbo la V, vishindo vinavyoingia katika bomba la upande mmoja havifuatani kwa vipindi sawa: viwili hukaribiana, kisha hufuata pengo, kisha kingine huja kimechelewa. Kutolingana huko huzaa sauti za chini zaidi ya ule msingi wa mitetemo 200, na sikio huzipokea kama ngurumo yenye kudundadunda. Baadhi ya magari ya Subaru ya silinda nne yalipata mdundo wa namna hiyo kwa sababu mabomba ya kwanza yanayotoka kwenye injini hayakuwa na urefu sawa, kwa hiyo vishindo vilifika kwenye makutano kwa kupishana vibaya. Silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, kama za Toyota IST au Corolla, huwaka kwa vipindi sawa kabisa, na hakuna kopo la chuma lililofungwa mita tatu nyuma yake linaloweza kuuvuruga mpangilio huo. Muuzaji anayeahidi kwamba IST itasikika kama gari la silinda nane anauza hadithi.

Juu ya ule msingi wa mitetemo 100 kuna sauti nyingine zinazopanda kwa ngazi, 200, 300, 400 na kuendelea, na juu yake tena kuna mfoko wa gesi yenyewe inayokwaruza kuta za bomba kwa maelfu ya mitetemo kwa sekunde. Sikio la binadamu husikia kwa ukali zaidi kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 hivi. Huko juu ndiko waliko nyuki wetu.

Zipo njia mbili kuu za kuchuja sauti hizi, na zote mbili ni za zamani. Ndugu wawili wa jimbo la Indiana huko Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya kifaa cha kupunguza kelele za injini mwaka 1897. Njia ya kwanza ni ya kunyonya. Bomba lililotobolewa matundu mengi hupita moja kwa moja katikati ya kopo, na nafasi kati ya bomba na ganda la nje hujazwa sufu ya kioo, sufu ya basalti au nyuzi za chuma cha pua. Mawimbi ya sauti hupenya matundu, hujikwaruza kwenye nyuzi na kugeuka joto kidogo. Njia hii hukamata vizuri sauti kali za juu, ambazo mawimbi yake ni mafupi. Sauti za chini huipita karibu bila kuguswa. Katika gesi yenye joto la nyuzi 400 sauti husafiri takriban mita 520 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja la mitetemo 100 lina urefu wa zaidi ya mita tano. Sufu yenye unene wa sentimita tatu haiwezi kulishika.

Njia ya pili ni ya vyumba. Ndani ya kopo huwekwa kuta na mabomba mafupi yanayoilazimisha gesi kugeuka na kurudi, ili wimbi linalorejea likutane na lile linalokuja na yauane. Kuna pia chumba kilichofungwa chenye shingo nyembamba, ambacho huchagua sauti moja na kuila. Mwanasayansi wa Kijerumani Hermann von Helmholtz aliyaeleza matendo ya chumba cha aina hiyo katika karne ya 19, na mtoto yeyote aliyewahi kupuliza mdomo wa chupa tupu ameshaufanya uchunguzi huo. Sailensa za kiwandani kwa kawaida hutegemea sana vyumba, ndiyo maana gari likiwa jipya hunong'ona tu.

Kutokana na hayo uchaguzi wa gari dogo hujieleza wenyewe kwa sehemu kubwa. Sauti nene isiyo na makwaruzo hupatikana kwa kuachia sauti za chini na kuzizuia za juu, yaani kwa sailensa ya kunyonya, bomba moja likipita katikati, na kopo lake liwe refu na nene kadiri nafasi chini ya gari inavyoruhusu. Urefu ni muhimu kuliko mng'aro. Makopo mafupi yenye mdomo mpana kama sufuria, yanayouzwa kwa sababu yanaonekana kwa nyuma, yana sufu kidogo mno, na mdomo wenyewe hauongezi unene wa sauti. Kosa la pili, tena la kawaida zaidi, ni kukata kile kikopo kidogo cha katikati ambacho mafundi hukiita rezoneta kwa kudhani kwamba ni mzigo tu. Kikopo hicho ndicho kinachoyafuta makwaruzo kabla hayajafika nyuma. Ningekuwa na fedha za kubadilisha kitu kimoja tu, ningebadilisha sailensa ya mwisho na kukiacha cha katikati mahali pake.

Upana wa bomba nao una siasa zake. Upo usemi gerejini kwamba injini "inahitaji" moshi uzuiwezuiwe kidogo ili ipate nguvu. Usemi huo si sahihi: kinachoisaidia injini ni mwendo kasi wa gesi ndani ya bomba, kwa sababu kishindo kinachokimbia huacha nyuma yake mvuto unaoondoa mabaki ya moshi katika silinda. Bomba pana mno huupunguza mwendo huo bila faida, na papo hapo huongeza kelele. Kwa injini ya lita 1.3 au 1.5 isiyo na turbo, milimita 45 hadi 50 zinatosha kabisa. Wapo wanaopanua bomba wakitumaini kurudisha nguvu ambazo gari limezipoteza, lakini Lubumbashi imekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya pwani. Upungufu huo umo kwenye hewa inayoingia, na bomba la nyuma haliujui.

Kisha kuna adha ambayo hujitokeza baada ya gari kutoka mjini. Kwenye barabara ya Likasi dereva anashika mwendo mmoja, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, yaani takriban mitetemo 83 kwa sekunde, na ghafla ndani ya gari hujaa mvumo mzito unaobana masikio, ukatoweka mwendo ukibadilika. Kibanda cha gari kimeitika sauti hiyo kama mtungi unavyoitika ukiimbiwa mdomoni. Fundi mwenye subira huweza kuiua kwa kuchomelea tawi la bomba lililozibwa mwisho, urefu wake ukiwa robo ya wimbi linalosumbua. Kwa mitetemo 83 hiyo ni kati ya mita 1.2 na 1.5, kwa kutegemea joto la gesi iliyolala ndani ya tawi. Wimbi huingia, hugonga mwisho, hurudi likiwa kinyume, na mvumo hufa bila kugusa sauti nyingine. Ni ufundi mzuri kuliko kurundika sailensa mbili, ingawa chini ya Vitz kupata nafasi ya mita moja na nusu kunahitaji kupindapinda.

Chuma chenyewe kinastahili kuangaliwa. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji kwa umbo la mvuke, na katika safari fupi, bomba likiwa bado baridi, mvuke huo hugeuka maji ndani ya sailensa na kuila kuanzia ndani. Ndiyo maana sailensa nyingi huwa na kitundu kidogo upande wa chini. Mchomeleaji asiyejua hudhani ni uvujaji na kukiziba kwa ukarimu, mwambieni akiache. Chuma cha pua cha aina ya 304, chenye asilimia 18 hivi ya kromiamu na 8 ya nikeli, hudumu zaidi ya aina ya 409 yenye kromiamu asilimia 11 tu, na sumaku ndogo husaidia sokoni, kwa kuwa hung'ang'ania 409 na kwa kawaida haiishiki 304. Bomba la maji lililopakwa zinki lisitumike kamwe kuunga palipokatika: moto wa kuchomelea hugeuza zinki kuwa moshi unaomletea fundi homa na kutetemeka usiku huohuo.

Wapo wanaotaka sauti ya bure kwa kumwambia fundi aitoe katalisti, ile sega yenye platinamu, paladiamu na rodiamu inayosafisha gesi. Sauti hupanda kweli, kwa kuwa sega hiyo nayo huchuja. Pamoja nayo huja harufu kali, taa ya injini kwenye dashibodi, na kaboni monoksidi zaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kwa sababu hiyohiyo mdomo wa bomba lazima upite ukingo wa bampa, kwani gari la mlango wa nyuma huvuta moshi ndani mlango huo ukiachwa wazi kidogo kwa ajili ya mzigo.

Kuhusu kuchagua kwa kusikiliza video za simu, sishauri. Maikrofoni ya simu huzipunguza sauti za chini na hujirekebisha yenyewe kelele zikizidi, hivyo sailensa mbaya na nzuri hufanana. Afadhali kutafuta mtu mwenye injini ileile na kumwomba azunguke mtaa mara moja wakati wewe umesimama kando ya barabara, kwa sababu sauti ndani ya gari na sauti barabarani ni mbili tofauti. Lubumbashi tuna sababu ya ziada ya kufanya hivyo: magari mengi yaliyotoka Japani kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yana usukani upande wa kulia, nasi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva huketi upande wa ukutani. Kuta za matofali za nyua humrudishia mwangwi dirishani, naye akadhani gari lake linanguruma kuliko wanavyolisikia walio upande wa pili wa barabara.