Mtoto mwenye hisia kali na mchezo wa gogo la maji: maswali ya wazazi

Familia nyingi za Waswahili zinazoishi Marekani hupanga safari ya Florida, na watoto wakishafika Magic Kingdom, bustani ya michezo ya Disney, hutaka kupanda Tiana's Bayou Adventure. Mchezo huu ulifunguliwa Juni 28, 2024 mahali palipokuwa na Splash Mountain, mchezo wa zamani wa magogo ya maji. Mnakaa ndani ya chombo chenye umbo la gogo, mnaelea kwenye mfereji, mwishoni mnaporomoka kutoka kimo cha karibu mita 15. Kwa mtoto mwenye usonji (autism), au asiye na usonji lakini sauti, mwanga na mguso humchoma kuliko wenzake, dakika kumi hizo zinahitaji maandalizi. Na mimi ni mama wa mtoto wa namna hiyo, na maswali haya huulizwa karibu kila mara tunapokutana wazazi.

Mwanangu anapenda sana kuoga. Kwa nini aogope maji ya mchezo?

Bafuni yeye ndiye mwenye maji. Anajua yana joto gani, anajimwagia anapotaka, anaacha anapochoka. Kwenye gogo maji humrukia usoni bila kumwuliza, kisha anabaki na nguo iliyomganda mgongoni. Nimemwona mwanangu akivua shati mezani kwa sababu ya tone moja la uji kwenye mkono wa shati, na mtoto huyohuyo hukaa kwenye beseni hadi vidole vijikunje.

Halafu kuna mporomoko wenyewe. Kiungo kinachotupa habari za mwendo na usawa kiko ndani ya sikio, na chombo kinaposhuka ghafla kiungo hicho hupiga kelele kwenye ubongo: tunaanguka! Wengine hukitafuta kishindo hicho. Ndio wale wanaoruka juu ya kochi mchana kutwa, na huenda wakashuka wakidai kurudia. Wengine hata bembea ya kawaida huwatoa machozi. Kwa hiyo usimpime kwa kuoga. Mpime kwa bembea na kwa shati lililolowa.

Mama mkwe anasema namdekeza tu. Nimjibu nini?

Mjibu kwa heshima, lakini usimfiche ukweli. Mwaka 2013, mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5, ulipotolewa upya, hisia za mwili zilizozidi au zilizopungua ziliwekwa rasmi miongoni mwa dalili za usonji. Mtoto anayedeka huchungulia kama unamtazama, na akipewa alichotaka hunyamaza. Aliyezidiwa hakuoni wala hakusikii, na hata ukimpa alichokitaka bado atalia, kwa sababu mwili wake umeshajaa. Mweleze bibi hivyo, kisha mpe kazi: yeye ndiye atakayeshika kanga kavu mkishuka. Bibi akipewa kazi huwa mwenzio.

Ndani ya mchezo kuna nini hasa?

Mweleze mtoto kwa mpangilio, maana kinachowavunja wengi ni kile wasichokitarajia. Mnakaa wawiliwawili, chuma kinashushwa mapajani. Mnapandishwa nje juani. Kuna miporomoko midogo kabla ya ule mkubwa, na mmoja uko ndani gizani. Huu ndio wazazi husahau kuutaja, kwa kuwa kila mtu anazungumzia ule wa mwisho. Ndani kuna muziki wa sauti kubwa, sanamu zinazojongea na kuimba, taa za rangi. Baada ya mporomoko mkubwa mchezo haujaisha: mnaingia tena ndani kwenye shamrashamra za muziki, tayari mmelowa. Mtoto aliyeambiwa "tukianguka tu tumemaliza" ataona umemdanganya.

Bustani zenyewe za Disney hutoa mwongozo kwa familia hizi, unaoeleza kila mchezo una giza, harufu, mwanga wa kumetameta au kelele za ghafla kiasi gani. Usome kabla hujanunua tiketi. Kimo cha chini cha kupanda ni sentimita 102, kwa hiyo mpime mtoto nyumbani. Kurudishwa mlangoni baada ya wiki tatu za maandalizi ni msiba.

Nimwandae vipi nyumbani?

Anza mapema na anza kidogo. Video za mchezo huu zimejaa mtandaoni. Siku ya kwanza mwonyeshe bila sauti, baadaye ongeza sauti polepole, na mwache yeye ndiye abonyeze kitufe cha kusimamisha. Tengeneza hadithi fupi yenye picha: tunasubiri, tunakaa, chuma kinashuka, giza, maji, kanga. Njia hii ya hadithi ilianzishwa na mwalimu Mmarekani Carol Gray mwaka 1991, na watoto wengi huipenda kwa sababu haibadilikibadiliki.

Kisha mazoezi ya maji. Mvalishe fulana, mhesabie tatu, mbili, moja, mmwagie kata moja begani. Dakika moja akae nayo, kisha abadilishe. Kesho yake kata mbili. Asipotaka, acha, ukimlazimisha nyumbani umeshaharibu safari.

Na foleni?

Kwa mtoto wangu foleni ilikuwa ngumu kuliko mporomoko: joto, watu wanaomgusa, hakuna kinachosogea. Disney ina utaratibu uitwao Disability Access Service, kwa wale ambao kwa sababu ya ulemavu wa ukuaji, kama usonji, hawawezi kusubiri muda mrefu kwenye foleni ya kawaida. Mnahojiwa kwa video, na wakikubali mnapewa saa ya kurudi, mnasubiri kwingine penye kivuli. Fanya mahojiano hayo kabla ya safari. Siku ya mahojiano sema wazi mtoto hufanya nini foleni ikirefuka: hujipiga, hukimbia, hutapika. Sisi tumezoea kusitiri mambo ya nyumbani, lakini hapa ukisitiri, mtoto ndiye atakayeumia.

Tubebe nini?

Nguo ya kubadili iliyokwisha kufuliwa mara nyingi, koti la mvua kama analivumilia, vifunika masikio vya kawaida (vya umeme vitakufa kwa maji), viatu vya pili. Na kanga kuukuu, ile iliyolainika. Ni nyepesi, inakauka upesi, na ina harufu ya nyumbani. Akishuka mzungushie kwa kumkaza kidogo mabegani. Watoto wengi hutulizwa na mkandamizo huo. Vikaushio vya mikono vya chooni vina mlio mkali, hivyo mbadilishie mahali pengine ukiweza.

Kuna tahadhari za kiafya?

Zipo. Kifafa hutokea zaidi kwa wenye usonji kuliko kwa wengine, kwa hiyo kama amewahi kudondoka kwa kifafa, zungumza na daktari kuhusu taa na msisimko. Baadhi ya dawa, kama risperidone (ya kutuliza tabia) na topiramate (ya kifafa), huathiri jinsi mwili unavyojipoza, na jua la Florida halina huruma: maji ya kunywa na kivuli kila mara, na usikatize dawa kwa uamuzi wako.

La mwisho nalisisitiza kuliko yote. Watoto wengi wenye usonji hutoroka, na wengi wao huvutwa na maji. Kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vyao wanapopotea. Mvike bangili yenye namba yako ya simu, na kubalianeni kwa jina mtu mzima anayemwangalia kila saa. "Sote tunamwangalia" maana yake hakuna anayemwangalia.

Akikataa tukiwa tumeshafika mlangoni?

Amekataa. Mwambie mhudumu, atawaonyesha njia ya kutokea. Kuna utaratibu wa Rider Switch: mzazi mmoja hubaki na mtoto, wengine wakapanda, kisha mnabadilishana bila kupanga foleni upya, kwa hiyo ndugu zake hawakosi. Mpe mtoto neno moja au ishara ya mkono ya kusema "basi", na siku akiitumia, iheshimu papo hapo.

Mwaka wa kwanza mwanangu hakupanda. Alisimama nje mahali unapoonekana mporomoko, masikio ameyafunika, akihesabu magogo yanayoshuka. Yalipofika 31 akaniambia ameshiba, tukaenda kula.