Sheli butu na terminali kamili: tofauti iko wapi?

Ukipata sheli (programu inayopokea amri) ya seva kupitia netcat, programu ya kutuma na kupokea data mtandaoni, kwenye jaribio la usalama ulilopewa ruhusa ya maandishi, andika kwanza `tty`. Ikijibu `not a tty`, hiyo ni sheli butu: amri zinaenda, majibu yanarudi, basi. Mshale wa juu unatema `^[[A`, Tab haikamilishi jina la faili, `sudo` inagoma kuuliza nywila. Ukibonyeza Ctrl-C kuzima `ping` isiyoisha, unaua netcat yako mwenyewe, na sheli inakwenda nayo.

Chanzo: bash, yaani sheli ya upande wa pili, imeunganishwa na soketi tupu (ncha ya muunganisho wa mtandao). Kwenye Linux, anayegeuza baiti ya 3 (ndiyo Ctrl-C) kuwa ishara ya SIGINT, inayokatiza programu, ni terminali iliyo ndani ya kiini cha mfumo, wala si bash. Pasipo terminali, baiti hiyo ni baiti tu. Kwa hiyo bash inatafutiwa terminali bandia, PTY:

`python3 -c 'import pty; pty.spawn("/bin/bash")'`

Seva haina Python? Jaribu `script -qc /bin/bash /dev/null`.

Wengi huishia hapo, kisha wanashangaa Ctrl-C bado inawatupa nje. Sasa terminali ni mbili, na ya kwako ndiyo inayodaka vitufe kwanza. Bonyeza Ctrl-Z ili netcat isimame, halafu kwenye mashine yako:

`stty raw -echo; fg`

`raw` huifanya terminali yako ipitishe kila baiti bila kuigusa. `-echo` huzuia herufi kuonekana mara mbili. `fg` huirudisha netcat. Ziandike mstari mmoja, hasa kwenye zsh, sheli nyingine, ambayo hurudisha mipangilio yake kila inapokusubiri uandike. Bonyeza Enter, kisha upande wa seva taja aina ya terminali na ukubwa wake:

`export TERM=xterm`
`stty rows 38 columns 116`

Namba hizo ni mfano. Zako zisome kwa `stty size` kwenye dirisha jingine la ukubwa uleule. Terminali bandia ya Python huanza na 0 kwa 0, ndiyo maana kihariri cha vi huchora kipande tu cha skrini na amri ndefu hujiandika juu yake yenyewe.

Ukishatoka, terminali yako inaweza kubaki bubu, na pengine Enter isifanye kazi. Andika `reset` hata kama huoni herufi, kisha Ctrl-J.